Fisi wa Koti

Jamani, haya nayasimulia kwa sababu mchumba wangu Wakesho ameniruhusu, lakini hata sasa nikikumbuka uso unaniwaka kwa aibu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza fremu za picha hapo Voi, na siku moja kwenye mitumba nikaokota kitabu chakavu cha Wazungu wa zamani, wale waliopenda kuchora wanyama wamevaa nguo (sungura na gauni, chura na kofia), na picha iliyonishika ilikuwa ya fisi aliyesimama wima, koti jeusi mwilini, fimbo mkononi. Nikaikata, nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni kwangu mtaani Kaloleni, nikajiona msomi.

Sasa Jumamosi moja watu wa Wakesho wakashuka kutoka mlimani Sagalla kuja kuona nyumba atakayoolewa binti yao, wakiongozwa na nyanya yake, ambaye bila neno lake hakuna harusi. Wakesho akaninong'oneza mlangoni, "Toa hiyo picha, Nyanya hapendi fisi." Lakini kuitoa kungeacha ukuta na alama mbaya (kiburi hicho!), basi nikachukua kitambaa cheupe cha kochi, nikaifunika.

Nyanya akaketi, akawa anakitazama tu kile kitambaa. Chai ikaja na mahamri, mjomba akasimama kuomba, sote tukafumba macho, na katikati ya maombi nikasikia kitambaa kimeanguka. Dirisha nilikuwa nimelifunga mwenyewe, kwa ajili ya vumbi. Nilipofumbua macho, Nyanya alikuwa mbele ya fisi, kidole kwenye koti.

"Kifungo cha tatu hakipo," akasema. "Nilimzika mzee wangu na koti lake hivyo hivyo, sikupata kifungo cha kufanana."

Tukatazama. Kweli, pale palichorwa vijiuzi viwili tu, na mimi niliyeishi na picha hiyo sikuwahi kuona. Na mimi nikiogopa hucheka, ndio ugonjwa wangu, basi nikacheka, peke yangu, kwa sauti, mbele ya wakwe, kabla hata ya amina, halafu nikaongeza, "Nyanya, huyo ni fisi tu, alichorwa Ulaya kabla hujazaliwa!"

Mjomba akachukua kofia yake. "Kijana, tutaongea siku ingine." Chai ikabaki mezani, na Nyanya akaondoka na picha kwapani, hakuna aliyethubutu kumzuia.

Nikangoja jibu la harusi, halikuja. Mwisho nikapanda bodaboda hadi Sagalla kuomba msamaha, maana nilimtaka Wakesho kuliko heshima yangu. Picha niliikuta imetundikwa juu ya kiti cha marehemu mumewe Nyanya. Nikapiga magoti, nikasema nisamehewe kile kicheko.

"Kucheka amekusamehe," Nyanya akasema, kama mtu anayepeleka salamu. "Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mzaha. Anachouliza ni mbona ulimfunika uso."

Harusi tumeruhusiwa, ila kanisani kiti kimoja cha mbele kitaachwa wazi, nami nimekubali bila kuuliza. Na nimeapa, picha sifuniki tena, hata zile za dukani, na vumbi la Voi mnalijua.