Mama Mkubwa Hakutaka Kubebwa

Nimeishi miji mingi, na kila nikifika penye ngazi namkumbuka mama mkubwa, dada yake mama. Miguu yake ilinyauka kwa homa akiwa mtoto, huko kwetu Handeni, enzi za Mwingereza. Alitembea kwa mikono, ameshika vibao viwili, na hakukubali kubebwa. Akisikia kuna nyumba imemficha mtoto kiwete au kipofu, alikwenda kukaa mlangoni, akasuka ukili mpaka mtoto atolewe nje. Wenye nyumba walichoka kabla yake.

Nilipomaliza shule alikuwa na shauri la jirani yetu. Huyo alikwenda kukata mkonge Korogwe, behewa la mkonge likampindukia, mguu ukakatwa. Aliporudi alimkuta kaka yake analima shamba lake, na hataki kuliachia. Kwetu ilizoeleka kwamba mlemavu hasemi barazani. Husemewa na ndugu. Na ndugu wa kumsemea alikuwa huyo huyo kaka.

Jumba la baraza lilijengwa juu ya msingi mrefu wa mawe. Siku ya shauri wazee na jumbe, mkuu wa kijiji, walikuwa wameshakaa juu, na kaka mtu pamoja nao. Sisi tulifika chini ya ngazi, jirani na gongo lake, mama mkubwa na vibao vyake. Jumbe akawaita vijana.

"Mpandisheni mama. Si mzito huyo."

Watu wakacheka. Mama mkubwa naye akacheka kidogo, akatandika mkeka wake pale chini ya ngazi.

"Mkinipandisha mimi, mtampandisha na huyu, halafu mtasema mmeletewa mizigo miwili. Jumbe, mna miguu. Shukeni."

Alitoa ukili akaanza kusuka. Jua lilipanda. Mzee mmoja alishuka akisingizia kiu, akakaa kwenye mkeka. Akafuata mwingine. Mwisho jumbe mwenyewe akaagiza mabenchi yateremshwe.

Kaka mtu aliuliza asiye na mguu atalimaje. Jumbe akageuka, si kwa mama mkubwa, bali kwa jirani.

"Jembe nashika kwa mikono," alisema jirani. "Tangu masika nalima nimekaa, kwenye kiwanja cha huyu mama. Nendeni mkaone muhogo."

Walikwenda, wakauona. Shamba likarudi kwake.

Mama mkubwa alifariki miaka kadhaa baadaye, nikiwa nafanya kazi Korogwe. Niliwahi mazishi. Jeneza lilipoinuliwa, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akibebwa. Wanaume waligombea zamu ya bega kama kawaida, na jirani alikuwa nyuma, gongo likizama mchangani. Jumbe, aliyekuwa mbele, akasema tusimame.

"Mteremsheni kidogo," alisema, "huyu naye aweke bega."