Makosa Niliyoyaokota Munje

Wiki iliyopita nilikuwa Ukunda, nimeketi kwenye benchi la mama mmoja auzaye mahamri karibu na stendi, simu yangu ikaanza kutetemeka mfululizo. Lilikuwa kundi la ukoo wetu. Binamu yangu alikuwa ametangaza kifo cha mjomba wetu mkubwa, na kwa haraka, au kwa machozi, aliandika "Inna lillahi" akaruka herufi mbili. Kijana mmoja akamjibu kwa kuyaandika maneno yale upya, na kinyota pembeni, ili kila mtu aone yamesahihishwa. Mwingine akasema hata huyo naye amekosea, kuna herufi ya h ameisahau. Wa tatu akaleta ya kwake. Walibishana hivyo kwa muda mrefu kabla mtu yeyote hajaandika neno "poleni". Kisha nikaona kwamba binamu yangu ametoka kwenye kundi.

Usinielewe vibaya, rafiki yangu. Mimi pia ni katika wale wanaokerwa. Nimefua mashuka ya hoteli kule Diani, nimewauzia maji madereva wa malori pale Samburu, nimekaa Lunga Lunga, nimekaa Kinango, na kila nilikopita nilisoma kila kilichoandikwa. "Tunaunza makaa." "Usikojowe apa." Nimeona neno dhambi limeandikwa "zambi" nyuma ya pikipiki, kwa rangi nzuri nyekundu, na nikashindwa kusoma mawaidha yenyewe kwa sababu ya ile herufi ya z. Vijana wakiandika "xaxa", meno yangu huuma. Wageni kutoka bara wakisema "hii maneno", mkono wangu hutafuta chaki. Shule niliiacha darasa la saba, lakini muwasho huo nilitoka nao, na haujaniacha hadi leo, ingawa nilipata sababu ya kutosha ya kuuacha nikiwa bado mtoto.

Nilikulia Munje, kwa bibi yangu mzaa mama. Ukiniuliza Munje ya wakati ule ilikuwaje, nitakwambia kwanza ilikuwa moshi wa korosho. Tulizikaanga kwenye bati lililotobolewa, mafuta yake yakiruka na kuwaka, na kwa wiki nzima vidole vyetu vilikuwa vyeusi na midomo imechubuka. Ilikuwa sauti ya mbuzi ya kukunia nazi, karr, karr, ikitoka nyua tatu kwa pamoja, ukajua saa ya chakula imekaribia. Ilikuwa fagio la chelewa asubuhi, kisha kwenda kisimani, kisha shule, na mchana kumsaidia bibi kushona makuti, jani juu ya jani, hadi mgongo ugome.

Mwaka mmoja tuliletewa mwalimu mpya wa Kiswahili, mtu wa Mombasa mjini. Alikuwa mpole, hakushika kiboko, na alikipenda Kiswahili kama mtu anavyompenda mzazi wake. Kosa la lugha lilimuumiza usoni kabisa. Basi akatubunia kazi. "Nyinyi ni mabingwa wa kuokota korosho," alituambia. "Sasa nataka muokote makosa. Yamejaa njiani. Ukisikia mtu amekosea, au ukiona pameandikwa vibaya, andika kwenye daftari. Ijumaa tutayasoma na kuyasahihisha." Atakayeleta mengi angekaa kiti cha mwalimu kipindi kizima na kuyasoma mbele ya darasa.

Ee, rafiki yangu, nilikitaka kile kiti! Nilimaliza ubao wa duka siku ya kwanza. Nikamaliza mlango wa kinyozi, nikamaliza maneno ya utingo wa basi. Nilimfuata muuza samaki kutoka nyumba hadi nyumba, naye akifikiri nimetumwa kununua. Nikawa msumbufu wa kijiji. Nilisimama milangoni mwa watu nikiwatungia sentensi sahihi na kuwaambia warudie. Jirani yetu, mwanamke aliyeolewa mwaka uliotangulia, ndiye pekee aliyenivumilia. Mumewe alikuwa mkwezi, akiangua madafu ya kupelekwa hoteli za Diani, hivyo mchana alikuwa peke yake jikoni. Nikimaliza sentensi yangu, yeye huinua mwiko na kunitunuku: "Kumi kwa kumi, mwalimu! Haya, nipishe nipike."

Makosa ya kijiji yalipoanza kwisha, nikageukia nyumbani.

Bibi yangu alikuwa Mdigo aliyejifunza Kiswahili ukubwani, na vilichanganyika kinywani mwake. Maji kwake yalikuwa "madzi" siku zote. Lakini bibi alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza. Mtu akifa, yeye ndiye aliyepeleka habari kwa wanawake. Hakupewa kazi hiyo na mtu. Aliirithi kwa mamake. Nilifuatana naye mara nyingi, kwa hiyo najua alivyoifanya. Alivua viatu nje ya ua. Aliingia polepole, akaomba: "Nipa madzi, mwanangu, dzuwa ni kali." Hata kama kulikuwa na mawingu, dzuwa, yaani jua, lilikuwa kali. Aliyanywa nusu. Aliuliza watoto, akauliza kuku, akauliza mguu unaouma umeendeleaje. Kama kulikuwa na chungu motoni, alisema kiteremshwe kwanza. Kama kulikuwa na mtoto mgongoni, alimchukua yeye. Kisha ndipo alipoketi chini kabisa, mchangani, na mwenye nyumba akaketi naye. Kufikia hapo mwanamke alikuwa ameshajua. Hakujua ni nani, lakini alijua ni nini, na alikuwa amekaa, na hakuna kitu cha moto karibu naye. Jina lilikuja mwisho.

Mimi niliyaandika yale maneno. Niliyaandika jinsi alivyoyatamka, mstari kwa mstari, ukurasa mzima na nusu. Ijumaa ile nilikalia kiti cha mwalimu, nikayasoma kwa sauti ya bibi, na nilikuwa hodari wa kuiga. Darasa zima lilicheka hadi wengine wakalala juu ya madawati. Mwalimu hakujua ni maneno ya nani wala ya wakati gani. Yeye aliona kazi nzuri, akasahihisha moja baada ya jingine ubaoni. Watoto walijua.

Haukupita mwezi, mzee mmoja upande wa msikitini akafariki. Bibi alikwenda kwa binti wa mzee huyo kama kawaida. Alipofika getini tu, watoto waliokuwa nyuma ya ua wa makuti wakaanza: "Nipa madzi, mwanangu! Dzuwa ni kali!" Na kicheko. Binti wa marehemu akatoka akicheka nao, kwa kuwa hakujua kinachochekwa. Alikuwa bado anacheka bibi alipomwambia.

Bibi alirudi nyumbani akaketi ukumbini na buibui lake. Hakunipigia kelele.

"Ni wewe uliyepeleka maneno yangu shuleni?"

"Ni mimi, bibi. Lakini mwalimu alisema tuokote..."

"Amesema kweli mwalimu. Yana makosa." Akalikunja buibui, akalikunja tena. "Basi sitakwenda tena. Mtu aliyefikwa na msiba asije akaletewa na kichekesho."

Nilidhani hasira ingepoa. Haikuwa hasira. Waliokuja kumwomba aliwakaribisha, akawapa chai, akawaambia watafute mwenye maneno yaliyonyooka.

Kisha ikaja siku ya mkwezi. Ilikuwa Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Wanaume watatu waliingia uani kwetu jasho likiwatiririka, mmoja shati lake lina damu. Mume wa jirani alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi. Walimkimbiza hospitali, na roho ilitoka njiani.

"Bibi, tafadhali," alisema mwenye shati la damu. "Yuko peke yake mle ndani. Na mimba ile."

"Nendeni nyinyi. Mlikuwa naye."

"Tutamwambiaje sisi?"

"Mimi nitamwambiaje? Kiswahili changu mnakijua. Watoto wote wanakijua."

Walisimama pale, wanaume wazima, kila mmoja akimtazama mwenziwe miguuni. Bibi alishona kuti lake, lakini niliona mikono inakosea, anapitisha ukambaa wa kushonea pasipo na jani. Nami nikafikiri, kwa akili yangu ya miaka kumi na mbili, kwamba nimepata njia ya kumlipa bibi deni langu. Maneno yaliyonyooka ninayo. Nikapita nyuma ya jiko na kukimbia.

Njiani nilikuwa nikitengeneza sentensi. Mwalimu alitufundisha kwamba mnyama hufa na mtu hufariki. Niliipanga nikaipangua, na nilipofika mlangoni kwake ilikuwa imekamilika. Alikuwa amechutama, anakoroga tui la mchuzi lisije likakatika. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama darasani.

"Mume wako ameanguka kutoka juu ya mnazi, na amefariki dunia."

Hakukuwa na kosa hata moja.

Hakugeuka. Mwiko uliendelea kuzunguka. "Kumi kwa kumi, mwalimu," akasema. "Haya, nipishe nipike."

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Akasema tena, "Kumi kwa kumi. Nenda kacheze." Nikajua anadhani ni sentensi zangu za kila siku. Nikaanza kulia, nikashika kanga yake, nikasema ni kweli, si ya shule, wallahi ni kweli. Naye anakoroga tu. Nimeshuhudia mambo mengi tangu siku ile, na sijaona jambo lililonitisha kama mwiko ule.

Ndipo nikasikia viatu vikivuliwa nje. Bibi aliingia kichwa wazi, anahema, kwani kwa umri wake ule alikuwa amekimbia. Hakunitazama. Aliegemea mlango, akasema, "Nipa madzi, mwanangu. Dzuwa ni kali."

Jirani akauacha mwiko. Akachota maji kwenye mtungi, akampa kwa mikono miwili. Bibi akanywa nusu. Akauliza mgongo unaendeleaje, na mtoto tumboni anacheza? Akachukua vitambaa, akakiteremsha chungu mwenyewe. Akaketi mchangani. Jirani akaketi mbele yake taratibu, akiushikilia mzigo wake, akaweka kichwa kwenye mapaja ya bibi kabla jina halijatajwa. Kilio kilipotoka, kilitoka mahali ambapo kulikuwa na mtu wa kukipokea.

Bibi aliendelea na kazi yake baada ya siku ile, na hakuna mtoto aliyemcheka tena. Mimi daftari nililitia motoni, na shule sikukaa sana. Nyumbani walisema ni utoro, na huenda ulikuwa utoro. Nilitaka kwenda mahali ambapo hakuna aliyenijua, na nilipofika hapo nilitaka kwenda kwingine, na ndivyo miaka ilivyopita. Bibi alipofariki nilikuwa mbali. Nilipata habari kwa simu, nikiwa nimesimama barabarani na ndoo ya maji kichwani, na aliyepiga alianza na jina.

Juzi, baada ya yale ya kundi la ukoo, nilipanda gari nikaenda Munje. Jirani yule yupo, ni nyanya sasa. Nilimkuta kibarazani anashona makuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtembezi. Kumbe u hai! Kaa, shika kuti hilo, usinitazame tu."

Tulishona. Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi, na nilizunguka sana kabla ya kulifikia neno lenyewe. Nilimwambia kwamba siku ile niliingia na habari ile kama anayesoma somo, na kwa sababu ya upuuzi wangu wa makosa hata yeye akadhani ninacheza.

Alivuta ukambaa kwa meno, akaukaza.

"Nani kakwambia nilidhani unacheza? Umekuja mbio, huna kiatu, uso umekauka. Nilijua kabla hujafungua kinywa."

"Lakini ulinipa kumi kwa kumi. Mara mbili."

"Ili unyamaze." Alisema bila ukali. "Ulikuwa umeshamaliza, mwanangu. Neno moja, mara yamekwisha. Nami nilikuwa napika chakula chake. Nilitaka nikimalize akiwa bado mume wangu."

Nilimaliza kuti nililoshika, nikauliza ni nani anayepeleka habari siku hizi pale Munje.

"Hakuna. Inakuja yenyewe." Akaonyesha kwa kidevu simu iliyolala juu ya mkeka kando yake. "Jirani akifiwa, mimi napata kabla yake. Nakaa hapa namtazama akianika nguo zake, na sijui niende au nisiende. Bibi yako angejua."

Ng'ambo ya njia kulikuwa na mwanamke kijana akianika nguo kwenye kamba, anaimba. Tulimtazama sote wawili hadi alipomaliza na kuingia ndani, kisha tukarudi kwenye makuti.