Fundi wa Kompyuta ya Mama Zaituni

Mke wangu hajawahi kuusikia mkasa huu kutoka kinywani mwangu, na ninyi ninawasimulia kwa sababu nimefika umri ambao mtu akichekwa anaona ni haki yake. Niliaibika mchana kweupe, mjini Kisumu, mbele ya chumba kizima cha wazazi wa watu, na katika wote wale hakuna hata mmoja aliyenisukuma. Nilijisukuma mwenyewe, kwa neno moja dogo: ndiyo.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kwisha na mimi nilikuwa kijana wa Voi asiyekaa mahali. Nilimaliza kidato cha nne, nikauza machungwa stesheni, nikachoka, nikaenda Mombasa, nikachoka, nikaishia Nairobi katika duka lililoagiza mashine za ofisi kutoka ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kubeba masanduku. Kompyuta nilizijua kama punda anavyoijua chumvi.

Basi bosi akaniambia nisindikize kompyuta moja mpaka Kisumu, kwa mama mmoja mwenye chuo cha taipu, na fundi angefuata baada ya wiki mbili kuja kuiwasha. Nilipandishwa nyuma ya lori la magodoro alfajiri, mimi na sanduku langu. Naivasha tukapata pancha. Nakuru dereva akaingia hotelini kula ugali akakaa kama aliyeposa mtu humo ndani. Kericho mvua ikatupiga, turubai likafunuka, nikalilalia sanduku kwa tumbo kama kuku anayeatamia (mgongo wangu uliloa mpaka ndani ya mfupa lakini sanduku halikupata hata tone, na hilo, tafadhali, mlikumbuke, maana ndilo jambo pekee la kujivunia katika habari hii yote). Tulipoteremka Ahero joto likatupokea, na tukaingia Kisumu wakati wa adhana ya alasiri, shati langu limekauka likawa gumu kama bati.

Mama Zaituni alinipokea langoni kwake. Babake alikuwa Mnubi, mamake mtu wa Lamu, yeye mwenyewe alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi cha kukufanya uone haya kuongea chako.

"Karibu, mwanangu. Pole kwa safari. Walisema fundi hatakuja mpaka wiki mbili, nami nimekwisha waalika watu Jumamosi. Au wewe ndiye fundi, wamekuleta mapema?"

Nyuma yake harufu ya pilau ilikuwa inatoka jikoni. Tena akaongeza, "Maana chumba cha fundi nimekwisha kitandika."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nile, nilale, halafu tutaona. Lakini nilipokuwa nakula akanieleza mambo mengine, na kila alilonieleza likanikalia kooni pamoja na wali. Mtaa wa pili kulikuwa na chuo kingine cha taipu ambacho nacho kilikuwa kinatafuta kompyuta. Yeye aliuza bangili zake ili awatangulie. Na Jumamosi angekuja Mzee Ogola, mnunuzi mkubwa wa samaki kutoka Usenge, na binti yake Akinyi, pamoja na wazazi wenzake wa huko, na Mzee Ogola alikuwa amewaambia wenzake hivi: nikiona mashine inaandika, tunawaleta wasichana wetu hapa, nisipoona, tunavuka barabara. Kwa hiyo chuo kizima kilikuwa kimening'inia kwenye mashine ile, na mashine imening'inia kwangu.

Ijumaa tukafungua sanduku. Sasa, lazima niwaambie kuhusu nyumba ya Mama Zaituni, ingawa hata kwenu ni vivyo hivyo. Viti vilikuwa bado na nailoni yake ya dukani, ukikaa vinalia. Friji ilikuwa na karatasi yake ya bei mlangoni. Feni ilikuwa na lebo inayopepea. Sikumcheka, maana kwetu Voi tulilalia godoro na nailoni yake mpaka ikachanika yenyewe, na suti yangu ya kwanza niliivaa mwaka mzima na lebo mkononi. Kitu kipya ukikivua nguo zake, nani atajua ni kipya?

Kompyuta ile ilikuwa na midomo miwili ya kutia disketi, mmoja kushoto, mmoja kulia. Wa kulia ulikuwa wazi. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kikufuli kidogo, na ncha ya kadi ngumu ya rangi ya kaki ilikuwa inachungulia nje.

"Na hii, fundi, itolewe?" Mama aliuliza.

Sikujua ni kitu gani. Wallahi sikujua. Nikasema, "Hapana, Mama. Hiyo ni disketi yake ya kuzaliwa nayo. Iache hapo hapo."

"Na kitabu chake?"

"Kiache ndani ya nailoni, kisije kikachafuka."

Akafurahi sana, akasema huyu ni kijana aliyelelewa.

Nikachukua disketi iliyokuja ndani ya sanduku, nikaitia mdomo wa kulia, nikawasha. Mashine ikavuma, mdomo wa kushoto ukakoroma, krr, krr, kisha maandishi yakatokea kwenye kioo: tia disketi, halafu bonyeza kitufe. Nikabonyeza. Tia disketi. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha kulia. Tia disketi. Nimetia, we mashine, huoni? Nikamwambia Mama stima iko chini leo, kesho asubuhi itapanda.

Kesho asubuhi chumba kikajaa. Mzee Ogola alikuwa mtu mrefu mwenye koti zito, ameketi mbele na Akinyi kando yake, na nyuma yao wazazi wa Usenge waliotoka kwao gizani kwa gari la samaki, pamoja na majirani wachache wa Mama. Mama Zaituni alivaa buibui jipya. Akasema maneno mafupi, akanigeukia. "Haya, fundi wetu."

Nikawasha. Krr, krr. Tia disketi.

Nikacheka kidogo, kama daktari. Nikasema ni vumbi, mashine hizi haziwezi vumbi, tafadhali kila mtu avue viatu aviweke nje. Wakavua wote, wazee wazima na soksi zao zilizotoboka, wakarudi. Nikawasha. Tia disketi.

Nikasema ni sam, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, lazima wameingia ndani, fungeni madirisha. Tukafunga. Mnalijua joto la Kisumu saa tano, chumba kimefungwa, viti vya nailoni? Watu walianza kuteleza kwenye viti. Nikaomba bisibisi, nikafungua bati la juu, nikazipanga skrubu kwenye kitambaa cha kufuma cha Mama, nikapuliza mdomo wa kulia, nikaupiga makofi mawili ya upole, nikaufuta kwa unyoya wa kuku. (Kwa nini unyoya? Sijui. Niliona fundi wa saa akiutumia.) Tia disketi.

"Yawa," mama mmoja wa Usenge alisema, "hii kitu inataka disketi ngapi?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Jasho linanitiririka machoni, Mama Zaituni ananiangalia kama mtu anayemwangalia mwenziwe akizama, nikageuka nitafute wa kumbebesha lawama, na pua yangu ikampata kabla ya akili yangu.

"Ni harufu ya samaki," nikasema. "Mafuta ya samaki yanapanda na harufu, yanaingia kwenye disketi. Wale wa biashara ya samaki naomba wasimame nje. Kwa muda tu."

Watu wakageuka kumtazama Mzee Ogola.

"Fundi!" Mama Zaituni alisema kwa sauti ya chini.

Mzee Ogola akainuka polepole. "Mimi?"

"Kwa muda tu, Mzee."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akachukua kofia yake, akatoka. Akinyi akamfuata, na nyuma yao wazazi wote wa Usenge, mmoja mmoja, bila viatu. Chuo cha Mama Zaituni kilikuwa kinatoka mlangoni na mimi ndiye niliyekifungulia.

Nikawasha tena. Krr, krr. Mnajua ilisemaje.

Mara dirisha lililokuwa kando ya meza likasukumwa kutoka nje, na kichwa cha Mzee Ogola kikaingia.

"Wewe, wuod Mombasa," akasema (kwao, ukitoka upande wa bahari wewe ni mwana wa Mombasa tu, hata uwe wa Voi), "mbona unapiga huyu wa kulia tu tangu asubuhi?"

"Ndio wenye hitilafu, Mzee."

"Na huyu wa kushoto je? Huyu ndiye analia. Iko na kitu kwa mdomo."

"Hiyo ni disketi yake ya…"

"Sikia, kijana. Mimi nanunua mbuta miaka mingi. Wavuvi wanajaza mawe ndani ya samaki ndio iwe nzito. Mimi sinunui mbuta bila kufungua mdomo, hata kama ni ya ndugu yangu."

Mkono mrefu ukapita dirishani, ukainua kile kikufuli kidogo, vidole viwili vikaishika ile ncha, vikaivuta taratibu kama mtu anayetoa ndoana. Kadi ikatoka nzima. Ilikuwa karatasi ngumu tu, ya kuzuia mashine isiumie njiani. Akampa Akinyi. Upande mmoja ulikuwa na maandishi mekundu makubwa, na Akinyi akayasoma kwa Kiingereza, kisha akawageuzia wazazi kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Toa hii kabla ya kuwasha."

Sitaelezea kicheko kile. Kulikuwa na mzee mmoja, jirani aliyebaki ndani, aliyeteleza kwenye nailoni akaanguka chini, akaendelea kuchekea huko huko.

Akinyi akaingia, akachukua kitabu, akaipasua nailoni yake kwa meno, na ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na picha ya kadi ile na mshale. Akahamisha disketi kutoka kulia kwenda kushoto, akawasha. Mashine ikanong'ona kidogo, ikakubali. Akafuata kitabu mstari kwa mstari na kabla sijakumbuka kufunga mdomo wangu, kwenye kioo kukatokea OGOLA kwa herufi za kijani. Wazazi wa Usenge wakarudi ndani, safari hii na viatu vyao.

"Mama," Mzee Ogola alisema, "wasichana watasoma hapa. Lakini huyu fundi yako, weka yeye mbali na mashine."

Hapo nikasema ukweli, nikiwa naangalia sakafu. "Mimi si fundi. Mimi ni mbebaji tu."

"Si ungesema mapema?" Mzee Ogola akasema. "Tungekupa gunia ubebe."

Mama Zaituni hakucheka. Alisubiri watu watoke, akanisogezea sahani, akasema, "Ungeniambia hujui, mwanangu, ningekupa pilau hiyo hiyo." Nimetukanwa katika miji mingi tangu hapo, na hakuna tusi lililofika hapo.

Duka la Nairobi lilisikia na kazi ikaisha. Nilikaa Kisumu wiki chache, nikipakua mizigo sokoni Otonglo, ambako jina langu lilitangulia kufika na kina mama wakaniita Fundi Kaki mpaka nikaanza kuitika. Nikaona niende Busia. Siku ya kuondoka nilipita kwa Mama Zaituni kumuaga na kumwomba, kwa uso mkavu, barua ya kunisaidia kupata kazi. Akafikiri kidogo, akamwita Akinyi (ambaye tayari wenzake walikuwa wanamwita Mwalimu), akamsomea maneno, na Akinyi akayapiga kwenye mashine ile ile na kuyachapa. Sikurudi Kisumu tena. Barua ninayo bado, nimeikunja mpaka mikunjo imetoboka, na popote ninapoulizwa kama kazi fulani naijua, huitoa hiyo kwanza, kabla sijafungua mdomo:

"Mwenye barua hii alileta kompyuta yetu kutoka Nairobi, kwa lori, kwenye mvua, na haikuloa. Mengine atakayowaambia, muulizeni mara mbili."