Taa ya Kijani ya Bibi Pindo

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kijiji kizima kinamwita Bibi Pindo, kwa sababu hawezi kuona pindo lililofumuka akanyamaza. Hata mpita njia atamsimamisha: "Wewe, njoo hapa, unatembea na aibu." Futi ya kupimia anayo, lakini watoto hawapimi kwa futi. Humtazama mtoto akigeuka mara moja, akakata kitambaa, na nguo ikamkaa.

Kwa hiyo binti yake alipojifungua mbali anakofanya kazi, shangazi alikuwa na ombi moja tu: amwone mjukuu, amshonee gauni. Lakini kwetu simu hushika kilimani tu, tena ya kuongea, si ya picha.

Ndipo ukaja mradi wa serikali wa intaneti ya kasi vijijini. Walitafuta mahali pa kufungia kisanduku cha kwanza, na shangazi akawapa ukuta wa karakana yake, juu kidogo ya cherehani. Siku ya uzinduzi lilikuja hema, zikaja hotuba, ikawekwa kompyuta mezani, na uso wa binti yake ukatokea, kichanga begani, kimefunikwa gubigubi.

"Mfunue nimwone," shangazi akaomba.

Kiongozi akamshika mkono mbele ya kamera. "Mama, utamwona kila siku! Leo serikali imekuletea mjukuu nyumbani."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Msafara ukaondoka. Kisanduku kikabaki ukutani na taa yake ya kijani, kompyuta ikabaki mezani, nami nikarudi chuoni nikijigamba kwa wenzangu.

Niliporudi likizo ndefu, nilikuta vigauni vimetundikwa karakanani, kila kimoja kikubwa kuliko mwenzake.

"Vya nani hivi, shangazi?"

"Vya mjukuu. Nakisia tu."

"Kwani humwoni?"

"Mama yake hapokei." Alibana pini mdomoni, akazitoa tena. "Kila Jumapili najipamba, nakaa hapa kama bibi harusi aliyekimbiwa. Napiga, kimya. Siku moja alimpigia mwenye duka wetu, aliyekuwa kilimani, eti hajaona simu yangu hata moja. Taa si hiyo inawaka? Taa inidanganye ili ipate nini? Nikamwambia mwenye duka amjibu kwamba ni mwongo, na akipiga tena asiniite."

Nilipanda kiti nikafungua kisanduku. Waya wa umeme ulikuwepo. Waya wa mtandao ulipenya tundu la ukuta, ukatokea nje, ukaishia hapo hapo, ncha ikining'inia kama mkia wa panya. Hapakuwa na mtaro wala nguzo ya kuupitisha. Nikakumbuka siku ya uzinduzi: gari la msafara, lenye sahani ya setilaiti juu ya paa. Mtandao ulikuja na gari, ukaondoka na gari.

"Sasa hii taa inasema nini?" shangazi aliuliza.

"Inasema umeme upo. Basi."

Aliketi. "Nimeiamini taa ya watu nisiowajua," alisema taratibu, "nikamwita mwanangu mwongo."

Wiki ile ile, kwa uso mkavu, ofisa wa mradi akaja na mpiga picha.

"Bibi Pindo! Kaa karibu na kisanduku, tabasamu kidogo. Picha ya kijarida."

"Mpigie binti yangu kwanza."

"Leo mtandao una shida kidogo, mama."

"Hauna shida," nilifoka. "Haupo! Ule wa siku ile mlikuja nao garini!"

Ofisa alicheka. "Kijana, ule ulikuwa wa maonyesho. Awamu ya pili inakuja, na picha kama hii ndiyo inayoileta."

Shangazi alisimama. "Kumbe mnataka sura yangu ikamdanganye mwanamke mwingine, na yeye agombane na mwanawe? Tokeni. Na mkitoka mfunge mlango, vumbi linachafua nguo za mjukuu."

Waliondoka. Akajitanda khanga, tukapanda kilimani na simu ya mwenye duka.

"Mwanangu, ni mimi."

 Sauti ya binti yake ikaja, kavu: "Leo umeamini kwamba simu zako hazikunifikia?"

Nilitamani amweleze habari za gari, waya, ofisa, maovu yao yote. Shangazi hakujitetea hata kidogo.

"Nisamehe. Mtoto anasimama?"

"Anatembea, mama."

"Anakufika wapi?"

"Juu kidogo ya goti."

Shangazi aliinama, akaweka kiganja juu kidogo ya goti lake. Simu ikakatika. Kiganja hakukiondoa.