Nilimtenga Baba Mkwe na Sinia la Wanaume

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, na kijiji changu sema tu kiko karibu na Garsen, kando ya Mto Tana. Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, Mpokomo, nina watoto watatu. Mume wangu yuko kazini Mombasa na huja mara moja kwa mwaka. Nyumbani nimebaki na watoto na baba yake mzazi, ambaye mkewe alikwisha kufariki. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana haya siwezi kumtuma mtu aniandikie.

Mwaka jana baba mkwe alipata kidonda kwenye kidole cha mguu, kikakataa kupona. Kiu nayo ikamshika, mtungi mzima haumtoshi kutwa. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisema ni ugonjwa wa sukari, kisha akanigeukia mimi. "Mama, mpishi ni wewe. Wali basi, sima basi. Ndizi, muhogo, asali na tembo la mnazi, basi. Akiendelea navyo tutaukata mguu huu." Nilirudi kichwa kikiniuma. Kwetu mtu akila samaki na nyama bila wali wala sima, huyo hajala, ameonja kitoweo tu. Sasa nimpikie nini?

Aliyenitoa gizani ni Hawo, mama wa Kiorma anayeniletea maziwa na samli nami humpa mahindi. Nilipomweleza alicheka mpaka akaketi chini. "Wewe nalia nini? Sisi nakula nyama, nakunywa maziwa, na miguu iko! Njoo mimi naonyesha." Akanifundisha kukata nyama vipande vidogo vidogo na kuikaanga kwa samli mpaka ikauke, ikakaa chunguni wiki nyingi bila kuoza. Mengine nikayatunga mwenyewe: kambare wa kubanika, nikamchemsha kwa tui zito la nazi za Kau, majani ya kunde kwa samli na kitunguu, mayai ya kukoroga na mchicha. Si kazi ngumu, na hata watoto wangu waliramba sufuria.

Shida ikawa sinia. Wanaume wa mtaa wetu hula pamoja, kila mke anapeleka chakula chake kwenye kibanda chao. Mimi napeleka kambare, wenzangu wanapeleka sima na wali, na mkono wa baba mkwe unajua njia yake. Niliwasihi wazee wamzuie. Rafiki yake mkubwa, aliyetahiriwa pamoja naye, alinijibu, "Mwali wetu, hata mfungwa hupewa sima. Wewe baba yako amekukosea nini?" Kinuni nako wanawake wakasema namwua mzee kwa njaa ili turithi shamba. Maneno hayo yaliniingia, na mimi hasira zangu ziko karibu.

Siku moja nilikwenda kuchukua bakuli langu. Baba mkwe alikuwa ametangulia nyumbani kujilaza. Nikakuta kambare hajaguswa, na wazee wakaniambia huku wanacheka kwamba leo mzee ameshiba wali hasa. Asubuhi ile nilikuwa nimeosha kidonda chake na harufu yake bado iko puani mwangu. Nikasema, "Haya, kuleni naye. Lakini daktari aliniambia ugonjwa huu huambukiza wanaokula sinia moja. Nilikuwa namfichia aibu tu." Daktari hakusema hivyo. Niliutunga uongo ule pale pale, bakuli mkononi.

Kesho yake baba mkwe alikwenda akakuta wameshakula. Keshokutwa vilevile. Akarudi akaniambia, "Siku hizi wenzangu wanakula mapema." Tangu hapo anakula nyumbani kile ninachompikia, na kidonda kimefunga kabisa. Mguu ni mzima, anautembeza. Lakini hana pa kuutembeza. Rafiki yake humsalimu kutoka njiani bila kusimama, na kikombe alichonywea kwa jirani kilitupwa mtoni. Mimi nilitaka wamnyime wali tu, sikujua watamnyima na salamu.

Yeye hajui sababu. Alifikiri labda aliwakosea kwenye mipaka ya mashamba, basi akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Walimjibu wakiwa ndani: "Tumekusamehe, mzee, nenda tu." Nilimwona akirudi nikajificha jikoni nikalia. Sasa anakula vipande viwili vitatu anaacha. Ananiambia, "Mwanangu, umepika vizuri, ila sikuzoea kujisikia nikitafuna peke yangu." Amekonda kuliko alipokuwa mgonjwa. Halafu ananibariki, anasema wote wamemkimbia ila mimi. Baraka zile zinanichoma, wallahi afadhali angenitukana.

Nikisema ukweli, sinia litarudi na wali wake, na mguu nao sijui. Wazee wataniita mwongo, na mume wangu akipata habari huenda akanirudisha kwetu. Nikinyamaza, namwona akiisha mbele ya macho yangu, na chakula anachokiacha ni changu.

Juzi ameniambia mpunga ukishavunwa atazunguka tena nyumba zote kuomba radhi, maana mara ya kwanza labda hakusema vizuri. Safari hii anataka nifuatane naye, nisimame mlangoni nimsemee, kwa sababu mimi, asema, watu wananisikiliza. Nimemkubalia, ningemwambiaje? Ndugu zangu mnaosoma hapa, wenye wakwe na wenye wazazi, nishaurini kabla ya mavuno: nifanye nini?