Nilivyotetemeka Pamoja na Mlowezi Yosia

Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa majisifu, naomba nilikiri hilo mapema. Mimi ni mwalimu kutoka Tanga. Nafundisha historia katika shule ya kimataifa hapa Riyadh, naishi Suwaidi, na mke wangu Zaina ni muuguzi Jidda. Miaka minne sikupiga hata chafya ya maana, na kila aliyeumwa nilimwambia anajidekeza.

Mwezi mmoja baada ya kurudi kutoka likizo, homa ikanishika. Kichwa kiliniuma hasa, nikatapika hadi nyongo. Kesho yake nikaamka mzima, nikala sahani nzima ya wali na kuku. Keshokutwa, saa sita mchana, homa ile ile. Nikalaumu kiyoyozi. Zaina alipopiga simu nikamwambia, "Mafua tu, Mama Salma." Daktari wa zahanati aliniuliza kama nimesafiri karibuni, nikajibu hapana. Kwangu mimi, kwenda Tanga kumwona mama si kusafiri, ni kurudi nyumbani. Akanipa dawa za mafua.

Wiki hiyo nilikuwa nawasomea wanafunzi maisha ya Yosia, mlowezi wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Yosia aliwapakia mkewe Martha na watoto wanne kwenye gari la maksai, wakaenda magharibi, kwenye ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa wamefukuzwa. Wakajenga nyumba ya udongo na nyasi kando ya mto wenye madimbwi. Wanafunzi walimpenda kwa ubishi wake. Siku nyoka alipodondoka kutoka darini hadi kwenye sufuria ya mchuzi, Yosia alisema nyumba ni nzuri, mwenye kosa ni nyoka.

Jumanne tukafika mahali anapougua. Nikasoma kwa sauti: kila baada ya siku moja, jua likiwa utosini, baridi ilimwingia Yosia hadi kitanda kikagonga ukuta. Martha alimfunika mablanketi yote, kisha akamlalia. Jasho likamtoka, na kesho yake akaenda kulima kama hakuna kitu.

Sikumaliza ukurasa. Meno yangu yakaanza kugongana, kitabu kikaniponyoka. Darasa zima likapiga makofi wakidhani naigiza.

"Ustadhi, tena! Tena!"

Nikatazama saa ya ukutani. Saa sita na robo. Nikakumbuka kibaraza cha mama nilipolala bila chandarua nikijifanya hodari. Mtoto wa Tanga mzima, nimeitambua malaria yangu kwa Mmarekani aliyekufa zamani! Nilicheka huku natetemeka, lakini moyoni niliogopa sana.

Zaina alinipigia kelele kwenye simu. "Baba Salma, una akili kweli? Nenda hospitali sasa hivi, waambie wakupime malaria!"

Nilipofika, mkojo wangu ulikuwa kama chai ya rangi na macho yamekuwa manjano. Daktari akasoma majibu ya damu, akatikisa kichwa. "Wadudu ni wengi. Ungekaa siku mbili zaidi, halas, basi tena." Nikatundikiwa dripu. Zaina akaja na ndege ya kwanza kutoka Jidda, akalia, akanisuta, akaninywesha uji kijiko kwa kijiko. Nilipomsimulia habari za Yosia akanivutia blanketi hadi kidevuni. "Haya, Martha wako amefika. Lala."

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na Zaina nitamshukuru mpaka achoke kunisikia. Nanyi mnaonisoma, mkiulizwa kama mmesafiri, tajeni kila mahali, hata kwa mama zenu.

Baada ya wiki mbili nilirudi darasani. Nikawasomea wanafunzi jinsi Yosia alivyokunywa unga mchungu wa kwinini, akapona, akavuna mahindi na wanawe. Nikafunga kitabu.

"Ustadhi," wakasema kwa pamoja, "tetemeka kama siku ile!"

Nikajaribu kwa nguvu zangu zote. Meno hayakugongana hata mara moja. Darasa zima likalalamika, nami nikasimama pale mbele yao nikicheka hadi machozi.