Gari la Kipimo cha Mama Mkubwa

Mimi nilicheka. Niseme hilo mapema, kwa sababu siku hizi kila mtu hapa Handeni anadai aliliamini lile gari tangu mwanzo.

Baba mkubwa ni fundi wa kuchomelea. Mageti ya nusu ya mtaa wetu yametoka mikononi mwake. Ufundi alijifunza katika karakana ya shamba la mkonge kule Korogwe, alikokuwa akifanya kazi baba yake, na hajawahi kununua futi kamba. Hupima kwa mkono wake, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na geti likifika kwa mwenyewe linafunga sawasawa.

Mkewe, mama mkubwa, alikuwa na meza ya maharage sokoni. Alianguka kwenye bodaboda akavunjika nyonga, na alipopona, mguu wa kushoto ukabaki mgumu kama mchi. Akaapa hapandi tena pikipiki; bajaji nayo hawezi kuinama kuingia. Mwaka mzima akakaa uani. Mwanamke aliyezoea kutaniana na soko zima sasa alikuwa akiulizia bei ya maharage kwa wapita njia. Iliniuma kumwona hivyo.

Baba mkubwa akaenda Korogwe, akarudi na injini ya bajaji iliyokufa. Akaifufua. Akachomelea mabomba, akaweka magurudumu manne, mabati, na kiti kilichojazwa katani. Kikawa kigari kifupi cha kuzunguka mjini tu. Watu wakauliza kama ni banda la kuku. Na mimi, mwalimu mzima, nikauliza kuku wataingilia wapi.

Siku ya kulijaribu, mama mkubwa alivaa khanga mpya. Mguu mzima uliingia, ule mgumu ukagoma mlangoni. Akajaribu kinyumenyume, ukagoma tena. Akarudi ndani, na hatukumsikia hadi jioni. Baba mkubwa alikuwa amepima gari zima kwa mkono wake na kulijaribu kwa mwili wake mwenyewe, na yeye ni mfupi. Nilidhani ataliuza chuma chakavu.

Asubuhi yake baba mkubwa akakata ubavu wote wa gari, kisha akamfuata mkewe jikoni.

“Mama, nipe mkono wako.”

“Wa nini?”

“Nilikosea. Nilipima wangu.”

Akakata fimbo yenye urefu wa mkono ule, kiwiko hadi kidole, na kwa fimbo hiyo akaanza upya: kiti, mlango, paa, breki pale unapofikia mguu wa kulia wa mkewe. Sijawahi kuona mtu akirudia kazi kwa heshima namna ile, na kicheko changu kiliniaibisha. Alipomaliza akaketi kwenye kiti ili alitoe nje. Miguu yake ikaning'inia, haikufika kwenye breki. Mkewe anamzidi kichwa kizima.

“Sasa nani ataendesha?” nikauliza.

Mama mkubwa alishajifunga khanga kiunoni. “Nipishe, mzee,” akasema.

Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule yetu, mpaka siku moja akapakia gunia lake la maharage na kushika njia ya sokoni.

Gari hilo lipo moja tu, na hakuna mwingine anayeliweza. Sasa anayekaa uani jioni ni baba mkubwa. Humuuliza kila anayetoka sokoni kama mama bado anauza.